Dawa Nyeupe, Dawa ya Pinki

Mfamasia wa duka la dawa la pale kona hakuwa mtu wa kukosea. Hata mwenye duka, ambaye alikuwa mjomba wake na ambaye kumsifu mtu kwake kulikuwa sawa na kung'olewa jino, aliwahi kusema mbele za watu kwamba mpwa wake akishakufungia dawa, wewe nenda kalale. Labda ndiyo maana siku ile alijiamini kupita kiasi. Au labda ni mambo yalivyomwandama tangu asubuhi: bomba lilikuwa kavu, friji ya dawa ilikuwa inanguruma kama ng'ombe mwenye homa, wateja walikuwa wamejipanga hadi kizingitini, na mjomba alikuwa anapiga simu kila mara kuuliza kama fundi wa friji ameshafika.

Katikati ya vurugu hiyo akaingia bibi mmoja, mwembamba, mwenye macho ya uchangamfu, amembeba mjukuu mgongoni. Nguo aliyombebea mtoto ilikuwa imeshika vumbi la mbao. Sikio moja la mtoto lilikuwa limezibwa kwa pamba, na pamba yenyewe ilikuwa imelowa usaha.

"Huyu tunamwita Kasuku," bibi alisema akiweka karatasi ya zahanati juu ya kaunta. "Mdomo wake hauna likizo. Leo ndiyo kanyamaza. Mama yake kampeleka kupimwa asubuhi, kisha kakimbilia kwenye cherehani yake, dawa kaniachia mimi. Na nyumbani ndiyo hivyo tena, misumeno haimpi usingizi."

Mfamasia aliisoma karatasi huku simu ameibana kati ya sikio na bega. Mjomba alikuwa bado anazungumza. Ilikuwa amoksilini ya watoto, ile inayokuja ikiwa unga ndani ya chupa. Akashusha boksi moja kutoka rafuni. Siku nyingine angeuchanganya mwenyewe unga ule kwa maji ya chupa ya chai aliyoyachemsha asubuhi, lakini siku hiyo chupa ya chai ilikuwa tupu kama bomba.

"Sikiliza, bibi. Maji sina leo, kwa hiyo utachanganya mwenyewe. Chemsha maji, uyaache yapoe kabisa. Usimimine ya moto, yataiharibu dawa. Gongagonga chupa kwanza, unga usigande chini. Tia maji kidogo, tikisa, kisha ongeza hadi kwenye huu mstari. Na usimpimie kwa kijiko cha chai, vijiko havilingani. Pima kwa hii." Akampa sirinji ndogo isiyo na sindano, akamwekea alama kwa kalamu mahali pa kuishia. "Ukishachanganya, mpe dozi ya kwanza hapo hapo."

"Nimesikia, mwanangu." Bibi aliigeuza chupa, akautazama unga. "Afadhali hii ni nyeupe. Ile ya pinki aliyopewa wakati ule wa kifua ilimtoa mapele mwili mzima, na mdomo ukavimba kama kaumwa na nyuki. Nikasema, pinki na mjukuu wangu basi."

Maneno hayo yaliingia kwenye sikio moja la mfamasia. Kwenye lile jingine mjomba alikuwa anasema kwamba fundi huyo akija amwambie asiguse waya wa nyuma. Akacheka kile kicheko cha kufunga mazungumzo.

"Hii nyeupe, bibi, wala usiwe na shaka. Ugua pole, Kasuku."

Mtoto akamtazama tu. Wakatoka, na mteja aliyefuata akasogea.

Foleni ilipopungua, mfamasia alianza kupanga rafu. Pale alipoitoa chupa ya bibi palikuwa na pengo, na nyuma ya pengo hilo yalijipanga maboksi ya kiwanda kingine. Dawa ilikuwa ile ile, amoksilini, yenye picha ya tunda jekundu ubavuni. Unga wa kiwanda hicho ukikutana na maji hugeuka pinki, watoto waipende.

Mkono wake ukabaki hewani.

Mdomo ukavimba kama kaumwa na nyuki.

Rangi ya dawa ni pambo la kiwanda tu. Ndani ya pinki na ndani ya nyeupe ni mtu yule yule aliyebadilisha shati. Na mtoto ambaye mwili wake umeshaikataa penisilini, ukoo wa amoksilini, mara moja kwa kuvimba midomo, mara ya pili huenda uvimbe usiishie midomoni. Unaweza kufunga koo.

"Samahanini, nafunga," aliwaambia wateja wawili waliobaki. Mmoja akaanza kulalamika, akamtazama usoni, akaacha.

Alipokuwa anateremsha mlango wa bati, akili yake ilikuwa inakimbia kumtangulia. Karatasi ya zahanati bibi alikuwa ameondoka nayo. Jina hakulishika. Alichokuwa nacho ni vumbi la mbao na misumeno inayomnyima mtoto usingizi. Maseremala wote wa eneo lile walikuwa mtaa mmoja, ng'ambo ya reli. Akakaza viatu, akakimbia.

Kilichompa moyo kilikuwa maji. Njia nzima aliyawaza maji yale. Bibi ni mzee, hatua zake fupi, na mtoto mgongoni. Afike, apumzike, awashe jiko, maji yachemke. Kisha yapoe, na maji hayapoi kwa kuamrishwa. Bado yako jikoni, alijiambia. Bado yanatoa mvuke.

Kwenye reli alikuta treni ya mizigo inapita, behewa baada ya behewa, polepole, kana kwamba dereva alikuwa anayahesabu. Mfamasia alisimama pale akihema, kucha zimezama viganjani. Simu ikaita.

"Nimeambiwa duka limefungwa," mjomba alisema. "Fundi yuko mlangoni anagonga bati. Uko wapi wewe?"

"Mjomba, nimempa mtoto amoksilini na bibi yake aliniambia ilishawahi kumvimbisha mdomo. Sikumsikiliza. Namfuata kabla hajampa."

Magurudumu ya treni yalikuwa yanagonga chuma.

"Una uhakika alisema hivyo?"

"Nina uhakika."

"Sikiliza, mpwa wangu. Watoto wangapi wanatokwa na vipele, wanakunywa tena, na hakuna kitu? Nenda, mtazame, ichukue dawa, sema imekwisha muda wake. Lakini usiende kujitia kitanzi kwa mdomo wako mwenyewe. Duka hili ndilo linalotulisha sote."

Behewa la mwisho likapita. Mfamasia akakata simu, akaruka reli.

Mtaa wa maseremala ulikuwa kelele tupu. Alimwendea wa kwanza aliyemwona, jitu la miraba minne lenye kalamu nyuma ya sikio, ambalo wenzake walikuwa wanaliita Msumari. Akampigia kelele mara mbili kabla hajazima msumeno.

"Dada, haraka haraka haina baraka," Msumari alisema akipangusa uso. "Umekuja kuagiza jeneza au kitanda?"

"Nalikimbia hilo jeneza, kaka. Namtafuta bibi mwembamba, ana mjukuu anaumwa sikio. Wanamwita Kasuku."

Mzaha ukamwisha Msumari. "Kasuku? Jana tu kaniuliza kama mbao huwa zinaumia nikizikata. Mlango wa kijani, nyuma ya rundo lile. Kuna nini?"

Lakini mfamasia alikuwa ameshaondoka.

Hakupiga hodi. Mlango ulikuwa wazi, na ndani bibi alikuwa ameketi kwenye kochi la vitambaa, mtoto mapajani, anamfuta kidevu. Juu ya kigoda palikuwa na chupa iliyojaa maji meupe, povu bado likielea juu. Kando yake sirinji. Tupu.

"He, mwanangu, karibu," bibi alisema. "Umesahau kunipa nini?"

"Maji, bibi." Mfamasia alikuwa anaitazama sirinji. "Maji si ulikuwa uyachemshe?"

"Maji ya kuchemsha siyakosi, nayaweka kwenye ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya kunywa kwake. Yalikuwa yamepoa tangu jana. Nimefika tu nikachanganya." Akainyanyua chupa kwa fahari. "Tazama, nimegonga, nimetikisa, nimefika kwenye mstari. Nusu kaitema, huyu mshenzi mdogo, lakini nusu imeingia."

Bibi alikuwa amefuata kila neno aliloambiwa.

Mfamasia alipiga magoti mbele ya kochi. "Bibi, nisikilize, na ukitaka kunitukana utanitukana baadaye. Ile ya pinki na hii nyeupe ni dawa moja. Rangi tu ndiyo tofauti. Uliniambia, mimi nikawa kwenye simu. Ni lazima twende hospitali sasa hivi."

Bibi alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha ya ugenini. "Lakini ni nyeupe," alisema polepole.

Kasuku akajikuna shingo. Kisha akajikuna tena. Mfamasia akavuta ukosi wa gauni: vipele vilikuwa vimeanza kujitokeza, vyekundu, vimeinuka, vinaungana huku anavitazama.

"Bibi," mtoto alisema, sauti imekwaruza. "Koo langu lina mchanga."

Hapo bibi akaelewa. Hakupiga kelele. Alisimama, akamkabidhi mfamasia mtoto, akavaa ndala moja, nyingine akaiacha.

Msumari alikuwa ameshafika mlangoni, maana aliona jinsi yule dada alivyokimbia. Hakuuliza mara mbili. Gari lake la kubebea mizigo lilikuwa limesimama pale pale, nyuma amepakia kabati la mteja lililokuwa bado linanuka vanishi. Akaliwasha na kabati lake. Bibi na mfamasia wakabanana mbele, mtoto kati yao.

"Asilale," mfamasia alisema. "Mkalishe wima, apate hewa." Chupa ya dawa alikuwa ameichukua, ameibana kwapani, daktari asije akauliza akakosa jibu.

Midomo ya Kasuku ilikuwa inanenepa. Kila akivuta pumzi, kifuani palilia filimbi nyembamba. Msumari alipiga honi tangu anatoka mtaani hadi anafika barabara kubwa, na kwenye makutano akapanda ukingo wa njia ya waenda kwa miguu. Nyuma yao kabati lilikuwa linajigonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Hakuna aliyezungumza isipokuwa bibi, aliyekuwa anamwuliza mtoto maswali ili asisinzie. Mbao zinaumia? Nani kakwambia? Na msumari je? Kasuku alijibu la kwanza. La pili akatikisa kichwa. La tatu hakujibu.

Simu ya mfamasia iliita tena mfukoni. Aliiacha.

Mapokezi palikuwa na watu wengi, na muuguzi aliyekuwa mezani hakuinua kichwa. "Mstari unaanzia kule," alisema.

"Mtoto huyu hapumui vizuri," mfamasia alisema, na sauti yake ikawa kubwa kuliko alivyoikusudia. "Ni mzio wa penisilini. Kapewa sasa hivi."

Muuguzi akainua kichwa. Akamwona mtoto, akasukuma kiti.

Chumba cha dharura kilikuwa na daktari mmoja kijana, macho yamechoka lakini mikono haikuchoka. Alimlaza Kasuku kichwa kikiwa juu, akaweka kifaa masikioni, akasikiliza kifua.

"Kapewa nini, na kiasi gani?"

Mfamasia akaweka chupa mezani. Aliliona lile neno la mjomba likiwa limemkalia mbele kama mlango mwingine ulioachwa wazi. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema ni jirani tu.

"Amoksilini. Dozi moja, nusu kaitema. Alishawahi kuvimba midomo kwa dawa hii hii. Bibi yake aliniambia dukani, mimi sikumsikiliza, nikamuuzia. Mimi ndiye mfamasia."

Daktari akamgeukia muuguzi. "Adrenalini."

Sindano ilichomwa pajani. Kasuku hakulia, na kutolia huko ndiko kulikomtisha bibi kuliko chochote. Wakamvisha barakoa ya oksijeni iliyomfunika nusu ya uso. Mfamasia alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta. Aliisikia filimbi ile ya kifuani ikija na kwenda. Daktari akasikiliza tena, akakunja uso, akaagiza sindano ya pili itayarishwe. Muuguzi alikuwa anaivuta dawa kwenye sirinji pale filimbi ilipoanza kuteremka. Ikawa mluzi. Ikawa mkwaruzo. Kisha mtoto akakohoa, akavuta pumzi ndefu, na akaanza kulia kwa sauti iliyojaa chumba kizima.

"Hapo sasa," daktari alisema. "Lia, mama. Lia sana."

Bibi akaketi sakafuni, mguu mmoja una ndala, mwingine mtupu.

Mama yake Kasuku alifika akiwa bado na futi ya kupimia nguo shingoni. Msumari ndiye aliyemfuata kazini. Alimkuta mwanawe amelala, vipele vinafifia, na nje ya mlango mama yake mzazi ameketi bega kwa bega na mwanamke asiyemjua.

Bibi alimweleza. Alieleza hata sehemu yake: kwamba ile mara ya pinki alimwambia binti yake mtoto katokwa na vipele vya joto, kwa sababu alidhani ni vya joto, na uvimbe wa mdomo ulipopungua kabla ya jioni akaona hakuna haja ya kumtia mtu wasiwasi. Ndiyo maana zahanati walipouliza kama kuna dawa inayomdhuru, mama mtu alijibu hakuna.

Mama yake Kasuku, yule mshonaji, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia mfamasia.

"Kwa hiyo mama yangu alikwambia kwa mdomo wake."

"Aliniambia."

"Na wewe ulikuwa unaongea na simu."

"Ndiyo."

"Ondoka mbele yangu."

Mfamasia alisimama. Bibi akamshika mkono, akamketisha tena.

"Haondoki," alisema. "Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu ninaye tayari, majuto siyataki. Angekaa dukani kwake akauza panadoli, sasa hivi mimi na wewe tungekuwa tunazungumza mengine. Kakosea, kisha kakimbia kuja kusahihisha. Mchukie ukitaka, lakini mchukie akiwa ameketi."

Mshonaji aliwageuzia mgongo. Aliingia ndani kwa mwanawe, akafunga mlango.

Daktari aliwaambia mtoto atabaki chini ya uangalizi hadi kesho yake, maana mzio wa namna ile huweza kurudi hata baada ya kutulia. Kwenye kadi ya kliniki ya Kasuku aliandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa, akamwita bibi na mama mtu wasome pamoja: asipewe penisilini wala dawa yoyote ya ukoo wake, pinki, nyeupe wala njano. Sikio bado lilihitaji antibiotiki, kwa hiyo akaandika nyingine, ya ukoo tofauti kabisa. Muuguzi alipoileta, mshonaji aliishika chupa muda mrefu. Kisha akatoka mlangoni.

"Wewe," alimwambia mfamasia. "Njoo unionyeshe. Na nataka kuona kila kitu."

Akamwonyesha. Kutikisa kwanza kila mara, kwa sababu dawa hujikalia chini na mtoto akapewa maji matupu mwanzoni, sumu mwishoni. Kuvuta kwa sirinji hadi alama, kuinyanyua usawa wa macho, kusukuma mapovu. Kumkalisha mtoto wima. Kuelekeza ncha ndani ya shavu, si kooni, na kusukuma kidogo kidogo ameze. Mshonaji alifanya mwenyewe. Vidole vilivyozoea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano vilisukuma tone baada ya tone. Kasuku akameza, akakunja sura.

Wakaketi wote watatu wakimtazama mtoto, hakuna anayethubutu hata kupiga chafya. Shingo. Midomo. Kifua. Muda ukapita, ngozi ikabaki ngozi. Mwishowe Kasuku akauliza kwa nini wanamtazama kama televisheni. Hakuna aliyecheka, lakini mshonaji aliegemea kiti kwa mara ya kwanza.

Mjomba alikuja jioni. Alisimama kwenye korido, kofia mkononi, akachungulia kupitia kioo cha mlango. Mfamasia alingoja aanze. Aliwaza duka, aliwaza funguo zilizokuwa mfukoni mwake, akawa tayari kuzirudisha.

"Umemwambia daktari?" mjomba aliuliza.

"Kila kitu."

Mjomba alizungusha kofia, akaizungusha tena. "Simu," alisema hatimaye, "nitakuwa napiga ukishafunga." Akaondoka. Kwa mtu wa aina yake, hayo yalikuwa machozi.

Waliopanga foleni dukani siku zilizofuata waligundua kwamba yule dada wa dawa amekuwa mwingi wa maswali. Mtoto huyu alishawahi kudhurika na dawa yoyote? Ilikuwa rangi gani? Alifanyaje? Wengine walinung'unika kwamba wanacheleweshwa. Yeye aliuliza tu, na akingoja jibu aliinua macho kumtazama anayejibu.

Siku moja mchana mshonaji akaingia dukani peke yake. Hakusalimu. Aliweka chupa juu ya kaunta. Ndani dawa ilikuwa imebaki kidogo.

"Sikio limekauka," alisema. "Homa hana, anakula, anatuchosha kwa maswali. Jirani ananiambia amepona, hiki kilichobaki nimpe mwanawe, naye kaanza kuumwa. Nikaona nije niulize kwanza."

"Jirani usimpe. Mtoto wake apimwe, apewe yake. Na Kasuku amalizie siku zote alizoandikiwa, hata kama kapona. Wadudu waliobaki ndio wagumu, ukiacha sasa watarudi wameshaizoea dawa. Siku zikiisha na kukabaki tone, mwaga, usiweke akiba."

Mshonaji alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akaufunga vizuri mfuniko wa chupa, akairudisha kwenye mkoba. Alifika hadi mlangoni, akasimama.

"Moyo wangu haujakusamehe bado," alisema bila kugeuka. "Sijui lini. Lakini la dawa nitakuja kuuliza hapa."

"Karibu wakati wowote," mfamasia alisema.

Mshonaji akatoka, akavuka barabara kurudi kwenye cherehani yake. Mfamasia akamgeukia baba mmoja aliyekuwa amebeba mtoto mchanga na karatasi mkononi.

"Karibu, baba. Kabla sijashusha kitu, niambie: huyu alishawahi kupewa dawa ikamdhuru?"